Kundi la Michango Lisifungwe Siku ya Upasuaji

Karibu kila mwenye simu hapa kwetu ameshaingizwa kwenye kundi la namna hii. Linafunguliwa usiku, jina lake "Matibabu ya Mama Fulani", na kabla hujauliza kuna nini, mwenyekiti ameshapatikana, mhazini ameshapatikana, namba ya kutuma pesa imeshabandikwa. Ahadi zinaandikwa. Kila jioni orodha inarushwa upya, wa elfu tano na wa laki wote wamo, na ndugu walioko ughaibuni wanatuma usiku wa manane. Wiki mbili tatu fedha inatimia. Ni jambo kubwa tunalolifanya, na nalitaja kwa heshima zote: wapo watu wanaotembea leo kwa sababu ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao walijinyima.

Kisha siku ya upasuaji inafika. Picha inatumwa: mgonjwa kitandani, mguu umefungwa bendeji kuanzia pajani, kidole gumba cha mkono kimeinuliwa. Watu wanamshukuru Mungu. Mhazini anasoma mapato na matumizi. Kesho yake yale maandishi madogo yanaanza kupita katikati ya skrini: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Wiki haijaisha kundi limekufa, na mgonjwa ndiyo kwanza anaanza.

Ombi langu ni hili: kundi hilo lisifungwe. Liendelee miezi mitatu zaidi, na fungu la nauli na mazoezi liingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Nazungumzia goti hasa, maana kwenye goti mpasuaji anamaliza sehemu yake kwa saa chache, kazi iliyobaki anaachiwa mwenye mguu, jamaa zake na mtaalamu wa fiziotherapia. Sehemu hiyo ya pili ikikosekana, fedha yote mliyochanga inaweza kuishia kwenye mguu usiokunjika.

Wagonjwa wa goti ni wengi na hawafanani. Yupo dereva wa bodaboda, au abiria wake, aliyevunjika juu ya muundi, pale mfupa unapolibeba goti; huyo kawekewa bamba la chuma na skrubu. Yupo kijana wa mpira aliyekatika kano ya mbele kwa kugeuka ghafla, bila hata kuguswa na mtu. Yupo bibi ambaye gegedu limelika mpaka mifupa inasagana, sasa kabadilishiwa goti. Upasuaji huo sasa unafanyika hapa hapa nchini, MOI pale Muhimbili, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996, na kwenye hospitali nyingine kubwa kadhaa. Upasuaji umesogea karibu nasi. Mazoezi ndiyo yamebaki nyuma.

Ni vizuri tujue kinachotokea ndani ya goti, tusije tukamwona mgonjwa mvivu. Goti lililopasuliwa linavimba, na uvimbe huo, kupitia mishipa ya fahamu, unauzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mgonjwa amelala chali, anauambia mguu uinuke, na mguu hauinuki. Anaogopa. Anadhani daktari kakosea, kakata kitu. Mara nyingi hakuna kilichokatwa. Msuli umezimwa tu, na unaamshwa kwa kukazwa tena na tena, hata kama mwanzoni huoni kinachosogea. Kwa waliobadilishiwa goti, nguvu ya msuli huo mwezi wa kwanza huweza kushuka hadi nusu au chini yake. Wakati huo huo kovu linajengeka ndani, na goti lisilokunjwa wala kunyooshwa linashikana kama kurasa zilizomwagikiwa gundi. Wiki za mwanzo mazoezi yanalifungua. Likiachwa muda mrefu, huenda mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji, alazwe usingizi, daktari alikunje kwa nguvu.

Wataalamu wanapima safari hiyo kwa digrii. Wana rula ya plastiki yenye mikono miwili, wanailaza ubavuni mwa goti na kusoma pembe. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike kama digrii 60 hadi 70. Kuinuka kwenye kiti bila kujivuta, 90 au zaidi. Choo cha kuchuchumaa na sijda vinadai zaidi ya 120, na wengi waliobadilishiwa goti hawafiki huko kwa raha. Hao seremala wa mtaani awatengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kikae juu ya choo, nao wasali wameketi. Lakini namba inayowanyima wataalamu usingizi ni sifuri, yaani mguu kunyooka kabisa. Goti lisilonyooka linamchechemeza mtu maisha yake yote, na paja linachoka kabla hajafika sokoni.

Nimemsindikiza shangazi yangu kwenye chumba cha mazoezi. Kilikuwa mwisho wa korido: kitanda kipana chenye godoro la plastiki, vyuma viwili sambamba vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, ngazi ya mbao yenye hatua chache isiyokwenda popote, baiskeli iliyofungwa sakafuni. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, sare nyeupe, sauti ya upole. "Shikamoo mama. Leo tunaanza na kanga." Akaipitisha chini ya wayo, akampa shangazi ncha zote mbili. Vuta kisigino kije kwako, taratibu. Pale panapobana simama, hesabu mpaka tano. Achia. Shangazi akavuta, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akawa anasoma dua kwa sauti. Akarudia, akarudia tena. Mwishowe kisigino kikapita utepe uliobandikwa godoroni wiki iliyotangulia, kikapita kwa upana wa kidole. Wale wawili walishikana mikono kama watu waliopokea mtoto salama.

Tukarudi nyumbani. Wageni wamejaa sebuleni, na kila mmoja ana huruma yake. "Jamani, mwacheni mgonjwa apumzike." Maji akaletewa alipo, chakula akaletewa alipo, na mtu mmoja mwenye moyo mzuri sana akaleta mto laini akauweka chini ya goti.

Ndugu msomaji, mto huo uondoe. Mgonjwa ataupenda, kwa sababu goti lililokunjwa kidogo haliumi sana. Lakini akikaa nao usiku na mchana, goti linajifunza kukaa limekunjwa, na ile sifuri inapotea. Kama hakuna katazo la daktari, kunja taulo uliweke chini ya kisigino, goti libaki hewani linyooke kwa uzito wake wenyewe, kwa dakika atakazoelekezwa. Atalalamika. Kaa naye, mpigie hadithi mpaka dakika ziishe.

Huruma yetu ina njia nyingi za kumdhuru mgonjwa wa goti, na zote zinatoka mahali pazuri. Tunamletea kila kitu kitandani, kumbe kwenda mwenyewe kwa magongo hadi mezani kulikuwa sehemu ya dawa. Tunamwambia asichukue za maumivu kwa kuwa zina sumu, kumbe kidonge alichoandikiwa, akikimeza kama nusu saa kabla ya mazoezi, ndicho kinachomwezesha kukunja. Tunamwita mkandaji hodari wa mtaa. Naomba nilisemee hili kwa adabu, maana wakandaji wetu wamewafaa wengi: goti lililopasuliwa karibuni lisichuliwe wala kukunjwa kwa nguvu na mtu asiyejua kilichomo ndani, na taulo la maji ya moto lisiwekwe juu ya kidonda kibichi. Kwenye uvimbe wa siku za mwanzo kinachofaa ni baridi. Zile barafu za mifuko anazouza jirani zinatosha kabisa, zizungushiwe kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa umeinuliwa.

Shavu la mguu nalo lichungwe. Likivimba, likauma na kuwa la moto, inawezekana damu imeganda kwenye mshipa. Usilikande, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Akianza kubanwa na pumzi au kifua kumchoma ghafla, usisubiri hata saa. Homa, usaha, au kidonda kinachozidi kuwa chekundu navyo havingoji tarehe ya kliniki.

Na tusifundishane kwa kufananisha. Aliyebadilishiwa goti mara nyingi anasimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, wakati aliyevunjika muundi anaweza kukatazwa kuukanyagia mguu kwa wiki 6 hadi 12. Jirani akisema "mimi nilitembea siku ya pili", mshukuruni, kisha fuateni karatasi ya daktari wenu. Kilicho sawa kwa wengi ni vitu vidogo: vifundo vya miguu vichezeshwe juu na chini mara kwa mara, wakati wa kupanda ngazi mguu mzima utangulie, wakati wa kushuka utangulie ule mgonjwa pamoja na magongo, na mtu akifikia hatua ya mkongojo mmoja, aushike mkono wa upande wa mguu mzima. Hilo la mwisho karibu kila mtu analikosea, hata wazee waliozoea bakora.

Sasa nirudi kwenye fedha, maana huko ndiko mazoezi yanakofia.

Mtaalamu wa fiziotherapia hapatikani kila kona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa huduma za utengamao ni chini ya 10 kwa kila watu milioni moja, na vijijini hali ni ngumu zaidi. Kwetu wengi wako hospitali za rufaa na za mikoa. Mtu aliyetoka Handeni au Mafia akapasuliwa Dar es Salaam anaruhusiwa baada ya siku chache, anaambiwa arudi mazoezini mara mbili kwa wiki, na hapo hesabu inaanza kumshinda. Daladala hawezi kupanda; goti halikunjiki na konda ana haraka. Itabidi bajaji, kwenda na kurudi, na mtu wa kumsindikiza ambaye siku hiyo hatafanya kazi. Nauli hiyo inaweza kuizidi ada ya mazoezi yenyewe. Kadi ya bima, hata pale inapolipia mazoezi, haimlipi mwenye bajaji. Mgonjwa anaruka siku moja, kisha wiki, kisha anaona aibu kurudi.

Kwa hiyo kundi likikaa kupanga lengo, mwenyekiti aulize maswali mengine matatu kabla hajaandika kiasi. Mazoezi ni mara ngapi kwa wiki, na yatachukua miezi mingapi? Usafiri wa kwenda na kurudi ni shilingi ngapi? Nani atasindikiza, na siku gani? Majibu yajumlishwe kwenye lengo. Fedha hiyo mhazini asimkabidhi mgonjwa kwa mkupuo, kwa sababu nyumba yenye mgonjwa ina mahitaji mengi na hakuna wa kumlaumu akinunulia unga. Itumwe kila wiki, moja kwa moja kwa dereva wa bajaji aliyekubaliana na familia. Dereva anayejua ana safari ya uhakika atasogea mpaka mlangoni, na baada ya muda mtamwona anamshika mgonjwa mkono bila kuambiwa.

Ambaye hana fedha ana mchango wake. Mama ntilie hawezi kusimama jikoni miezi miwili. Kumshikia meza yake asubuhi tatu kwa wiki ni mchango mkubwa kuliko elfu ishirini. Anayemiliki nyumba ya kupangisha anaweza kumgongomelea mpangaji wake mhimili wa kushikilia chooni na kwenye ngazi. Wazee wa msikiti na wa kanisa wanaweza kutenga viti vichache mstari wa mbele ili mtu wa goti asibaki nyumbani akijiona amefukuzwa ibadani. Na wewe konda, ukimwona mtu na magongo, ngoja akae kwanza ndipo ugonge bodi. Sekunde chache hizo zinaweza kuokoa upasuaji uliochangiwa na ukoo mzima.

Waajiri nao nina neno nao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Wafanyakazi wengi hawaijui, na mabosi wengine hawaitaji. Itaje. Kisha mtu wako akirudi, mpe kazi ya kukaa kwa muda, na ruhusa ya saa chache siku za mazoezi. Mlinzi aliyerudishwa lindoni kusimama usiku kucha wiki ya tano atavimba goti, ataacha mazoezi, na mwisho utampoteza kabisa.

Vijana wa mchangani nawaomba wawatazame wachezaji wanaowashangilia kwenye vibanda umiza. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia kano za goti Oktoba 2020 katika mechi dhidi ya Everton. Timu yake ilimhitaji, na taifa lake lilikuwa linakwenda Euro. Yeye aliamua kutokwenda Euro ili amalize mazoezi yake, akarudi uwanjani Julai 2021, tena kwenye mechi ya kirafiki. Mtu mwenye madaktari na mashine zote hizo alisubiri miezi 9. Makocha wetu wa ndondo, msimwite mwoga kijana anayesema goti bado. Aliyerekebishwa kano anaweza kujisikia mzima mwezi wa nne, anakimbia barabara nzima bila maumivu, lakini kano mpya bado inakomaa, na kurudi mapema ndiko kunakoikata tena. Mpeni kazi ya kukusanya mipira, ya kuandika vikosi, akae karibu na timu. Wengi wanaoacha mazoezi wanaacha kwa upweke.

Na hilo la upweke linawahusu wote. Wiki ya kwanza nyumba haikosi wageni. Wiki ya sita, ambapo maendeleo yanakuwa ya polepole, digrii mbili leo na moja imepotea kesho, usiku goti linauma na usingizi haupatikani, ndipo hakuna anayebisha hodi. Nimeona watu wazima wakilia wakati huo, na hawalii kwa maumivu peke yake. Wanadhani wamewaangusha waliowachangia. Panga ziara yako mwezi wa pili. Ukifika usikae tu na kunywa chai. Mwombe akusindikize mpaka kona ya kwanza, mwende kwa mwendo wake, mrudi. Hiyo ni ziara na ni zoezi.

Kwa wakubwa wa hospitali ninaomba kitu kisichohitaji bajeti kubwa: mgonjwa akutane na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kupasuliwa, jamaa mmoja afundishwe mazoezi pale pale wodini, na karatasi ya kuruhusiwa iwe na michoro na maelezo ya Kiswahili. Kwa madiwani na wabunge ninaomba zaidi. Nafasi za fiziotherapia katika hospitali za wilaya zitangazwe na zijazwe. KCMC pale Moshi na vyuo vingine vinafundisha vijana hawa. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa taifa ulizinduliwa mwaka 2024, wafundishwe angalau kumkagua mtu aliyetoka upasuaji wa mguu: kama goti linanyooka, kama shavu la mguu limevimba, kama mazoezi yanafanyika. Kila tarehe 8 Septemba dunia inaadhimisha Siku ya Fiziotherapia. Siku hiyo mwulizeni mwakilishi wenu hospitali yenu ya wilaya ina wataalamu wangapi, mkae mpaka awajibu.

Jambo moja la mwisho unaweza kulifanya leo. Kwenye nyumba nyingi kuna magongo juu ya kabati au uvunguni, ya mtu aliyepona zamani, au ya marehemu ambaye watoto wanaona uzito kuyagusa. Yatoe. Angalia raba za chini, iliyolika ibadilishe, maana gongo lenye raba iliyokwisha linateleza kwenye sakafu yenye maji. Kaza skrubu za kushikilia mkono. Kisha yapeleke chumba cha fiziotherapia cha hospitali iliyo karibu nawe, au kwa katibu wa msikiti au kanisa lako, uandikishe kwamba ni ya kuazimwa, na anayemaliza kuyatumia ayarudishe kwa ajili ya mwingine.